Shanga za Mama wa Mapasa

Katika camp ya wafanyakazi wa mgodi, kule Dilala mjini Kolwezi, Fidélie alijulikana kwa mambo mawili: mikono yake iliyodarizi wanyama wa bahari kwa shanga, na macho yake ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakitoa chozi. Jambo la kwanza watu walilisifu mbele yake. La pili walingoja kwanza apite ndipo waliseme.

Bahari yenyewe hakuijua. Mumewe Ngoy, aliyeendesha garimoshi la kubeba mawe ya shaba kutoka shimoni hadi kiwandani, alikuwa akisema kwamba reli zote alizozijua yeye ziliishia kwenye vumbi. Lakini ukiingia sebuleni kwao ungekuta pweza mwekundu mgongoni mwa kiti, kasa wa kijani juu ya redio, kaa wa rangi ya chungwa kwenye pazia, na yule mnyama mdogo mwenye kichwa cha farasi na mkia uliojikunja, anayeitwa hippocampe kwa Kifaransa, akitazama mlango kwa jicho la ushanga mmoja mweusi. Na wote walikuwa wawili wawili. Kiti hiki kilikuwa na pweza wake na kile kilikuwa na wake. Katika nyumba ile hakuna mnyama aliyekaa peke yake.

Fidélie alikuwa mama wa mapasa, yaani mapacha. Walizaliwa mwaka wa 1969, wakati wa mvua, wasichana wote wawili, wakapewa majina wanayopewa mapasa katika ukoo wa Ngoy: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Ukoo huo ni wa Waluba wa Bukama. Fidélie mwenyewe alikuwa Msanga wa karibu na Kolwezi, lakini Usanga wake ulikuwa wa jina tu. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, naye akalelewa na masista wa misheni. Walimfundisha kusoma, kupiga pasi kanzu za padri na kuogopa dhambi. Mambo ya mila hawakumfundisha, kwa kuwa wao wenyewe hawakuyajua, na waliyoyajua hawakuyapenda.

Ndiyo maana mama mkwe wake, Bibi Numbi, alipowasili kutoka Bukama na wanawake wa ukoo kuwaimbia mapasa zile nyimbo zao zenye matusi ya kuchekesha, Fidélie aliziba masikio. Bibi Numbi alicheka hadi akashika mbavu. Aliwaambia wenzake kwamba mke wa mwanawe anataka bado kuwa sista, na huku amezaa wawili kwa pigo moja.

Huyo bibi alikuwa mtu wa maneno machache na makali. Fidélie alimpenda na kumwogopa.

Mwaka wa 1975, katikati ya kiangazi, surua iliingia camp. Iliwashika mapasa katika juma moja. Kyungu aliungua homa siku tano, kisha akaomba uji. Kabange hakuomba kitu. Bibi Numbi alifika kwa treni asubuhi ile ile mtoto alipokata roho, na Fidélie alipofumbua kinywa kulia, mkwewe alikifunika kwa kiganja.

"Pasa hawamulilie," alisema. "Ukimulilia huyu, mwenzake ataitika. Kabange hakufa. Amerudi ku mayi ya mto. Umesikia? Meza."

Fidélie alimeza.

Walimzika bila kilio. Wanawake walipaka nyuso zao pemba, ule udongo mweupe, wakaimba zile zile nyimbo za matusi walizoimba mtoto alipozaliwa, na safari hii Fidélie hakuziba masikio. Siku ya nne Bibi Numbi alirudi kwao. Fidélie hakumuuliza neno, kwa sababu mkekani alikuwa na mtoto mwingine ambaye homa haijamtoka vizuri. Kila alipohisi macho yanamwasha, alimtazama Kyungu kifuani, aone kama kinapanda na kushuka. Kilipanda. Alimeza tena.

Homa ilipoisha, ile desturi ya kumtazama kifuani haikuisha.

Camp ilikuwa na foyer, nyumba ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kunyonyesha kwa saa. Ilikuwa miaka ambayo serikali ilikataza majina ya ubatizo. Kwenye daftari la foyer Fidélie aliandikwa jina la bibi yake, ambalo hakuna aliyelitumia, hata mwalimu aliyeliandika. Mwalimu huyo alikuwa Ernestine, mwanamke mnene mwenye subira, na miezi ile alikuwa akiwafundisha kudarizi kwa shanga. Wenzake Fidélie walidarizi maua. Waliotaka kumpendeza mkubwa wa camp walidarizi mwenge wa chama tawala.

Siku moja Fidélie alibaki nyuma wengine walipotoka, akamwuliza Ernestine maji ya mto Lualaba huenda wapi.

Ernestine alimpeleka kwenye ramani ukutani. Alimwonyesha Nzilo, ambapo mto umezuiwa na ukuta wa bwawa la umeme, kisha Bukama, kisha Kongolo na Kindu, hadi Kisangani, ambako Lualaba hupoteza jina na kuitwa Zaïre, kisha chini, chini, mpaka rangi ya bluu ya bahari mwisho wa karatasi. Fidélie aliuliza maji huchukua siku ngapi kufika. Ernestine hakujua. Alisema pengine miezi kadhaa. Fidélie alihesabu kimoyomoyo. Kabla ya Noeli, mtoto atakuwa amefika.

Kisha akauliza kuna nini huko.

Hapo ndipo Ernestine alipofungua kabati na kutoa albamu iliyoachwa na mwalimu wa Kibelgiji aliyerudi kwao. Ilikuwa ya picha zile zilizokuja moja moja ndani ya chokoleti za watoto wa Wazungu. Zilibandikwa sita kwa kila ukurasa, jina chini ya kila moja, na kila picha ilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Pieuvre, yule pweza, alijaa kiberiti chake. Hippocampe alijaa chake. Baleine naye, yaani nyangumi, alijaa chake vile vile, mkia umegusa ukingo wa huku na pua imegusa ukingo wa kule.

Fidélie aliwatazama wote, ukurasa kwa ukurasa. Samaki aliowajua ni wale wa Nzilo, ambao mkubwa wao hufika urefu wa mkono. Basi aliona sawa kabisa kwamba viumbe vya bahari ni vidogo namna hii, vyote vinatoshana, na vyote vina rangi za kupendeza kama vitu vya kuchezea. Mtoto wa miaka sita angekuwa ndiye mkubwa kuliko wote huko. Angeweza kuwashika kiganjani. Usiku ule Fidélie alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu surua. Asubuhi alirudi kuiazima albamu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, haikurudi kabatini tena.

Kazi ya shanga hufanywa na sindano mbili. Uzi wa kwanza hubeba shanga na kulala juu ya kitambaa kwa kuufuata mchoro. Uzi wa pili huja kutoka chini, hupita juu ya wa kwanza na kuufunga, kila baada ya shanga mbili. Ukifunga baada ya shanga nne, mstari hulegea na mnyama huonekana amelala njaa. Fidélie alifunga baada ya kila ushanga. Ernestine alimwambia huo ni upotevu wa uzi. Fidélie alijibu kwamba hana haraka.

Shanga alizipata sokoni Manika kwa Hawa, mwanamke wa Kiislamu wa familia ya Kasongo, ambaye mumewe Musafiri aliendesha lori mpaka ziwani Kalemie na kurudi na bidhaa za ng'ambo. Hawa alizipima kwa kikopo cha nyanya, rangi mbalimbali, na ulimi wake haukupumzika.

"Mama Fidélie," alisema siku moja, "tangu nikujue umeshona samaki kuliko ile ya Nzilo yote, na hata moja haijaingia mu chungu."

Fidélie alimjibu kwamba hao si wa kula. Hawa alitaka kujua basi ni wa nini. Si wa kuuza, maana hauzi. Si wa kutoa zawadi, maana hatoi. Fidélie aliendelea kuchagua bluu kati ya bluu mbili, na Hawa, ambaye naye aliwahi kuzika, alimwongezea kikopo na kubadili maneno.

Ikaja 1978 na ile vita iliyoitwa ya siku sita, waasi walipoingia mjini. Watu walijifungia ndani, na walipotoka, Kolwezi yote ilikuwa kilio kimoja. Louis, kaka yake Fidélie, aliyekuwa ndugu yake wa pekee wa damu, alikutwa nyuma ya nyumba yake karibu na pipa la maji. Risasi iliyompata haikujulikana ilitoka upande gani.

Kilioni Fidélie alipika, alichota maji, alilaza watoto wa marehemu. Machozi hayakumtoka. Hakuwa na hakika kama chozi linajua linamlilia nani. Likishatoka jichoni, nani atalieleza kwamba hili ni la Louis, si la Kabange? Na Kyungu alikuwa ameketi palepale, miaka tisa, akiangalia watu wakubwa wakijitupa chini.

Laurentine, mjane wa Louis, aliona yale macho makavu siku tatu. Siku ya nne alishindwa.

"Wifi yangu," alisema mbele ya watu wote, "kama shanga zimekujaa mu macho, zitoe kwanza. Ndugu yako amekufa."

Wanawake waliinamisha vichwa. Fidélie alichukua ndoo akaenda bombani. Tangu siku ile Laurentine hakukanyaga tena kwake, na neno lile likatembea camp nzima, likarudi likiwa limeota miguu zaidi: kwamba ni mchawi, kwamba alimtoa kafara mtoto wake mwenyewe, kwamba masista walimkausha moyo. Ngoy aliyasikia yote. Alikuwa mtu mwema asiyejua kuanza mazungumzo. Alirudi kutoka kazini, alikula, alisikiliza redio chini ya kasa wa kijani.

Kyungu alikua katika nyumba ya vitu viwili viwili. Gauni lilikatwa mara mbili kwenye kitambaa kimoja. Alivaa hili Jumatatu na lile Jumanne. Mezani kulikuwa na sahani mbili zenye ua moja. Lakini jina la mwenzake halikutajwa. Alipokuwa na miaka kumi na miwili aliuliza mara moja Kabange alikuwa namna gani, na mama yake akamwambia ale kabla chakula hakijapoa. Hakuuliza tena.

Mwaka wa 1986 alikwenda Lubumbashi kusomea ualimu, upande wa jiografia na viumbe. Mama yake alimsindikiza kituoni na masanduku mawili. Akarudi Julai ya mwaka uliofuata, kwa vacances, yaani likizo, mrefu zaidi, mwenye maneno mengi, na kitabu kilichofungwa kwa karatasi ya gazeti.

Alimkuta Fidélie barazani, mchana, akimalizia nyangumi wa pili. Alikaa mkekani karibu naye. Alimtazama yule nyangumi wa bluu, akamtazama hippocampe aliyekuwa kwenye kitambaa kilichokunjwa, akaanza kucheka.

"Mama, baleine yako inatoshana na hippocampe."

"Zinatoshana," alisema Fidélie. "Si ni picha zile zile?"

"Picha njo zinatoshana. Banyama hapana."

Alifungua kitabu chake. Palikuwa na mchoro wa nyangumi uliojaa kurasa mbili, na juu yake, kama inzi juu ya mkate, mtumbwi mdogo wenye kitu kilichosimama ndani.

"Hii ni nini?" aliuliza Fidélie.

"Ni mutu."

"Mutoto?"

"Mutu muzima, mama. Bamemuweka hapo ili tuone kipimo. Unaona bahewa za treni ya baba? Unaunga mbili, moja na ingine, njo urefu wake. Ulimi peke yake ni uzito wa tembo. Kule masomoni banasema pengine ni huyu alimeza Yona."

"Samaki ya Yona, Mungu aliitengeneza moja tu. Kwa siku ile tu."

"Ziko mingi, mama."

Fidélie aliweka kidole juu ya yule mtu wa mtumbwini. Kilimfunika asionekane. Akauliza kuhusu wengine. Na Kyungu, ambaye mwaka mzima aliketi darasani akifundishwa na sasa amepata wa kumfundisha, alimweleza yote kwa furaha: papa na safu zake za meno, pweza mwenye mikono mirefu kuliko mlango, yule mnyama laini kama mwavuli ambaye akikugusa ngozi huwaka moto. Alimweleza pia kwamba mahali pengine maji ya bahari yana kina ambacho mwanga haufiki, na ni baridi, na giza lake halina asubuhi.

Alipoinua macho aliona sindano mbili za mama yake zimeanguka mkekani.

"Miaka kumi na mbili," alisema Fidélie. "Miaka kumi na mbili mutoto iko kati ya bitu hii yote, na mi nasema ni ya kuchezea."

Kyungu hakuelewa mara moja. Kisha alielewa, na akafunga kitabu, lakini kufunga kitabu hakukusaidia. Mama yake alikuwa amekwisha kupasuka. Kilio kile hakikuanza kidogo kidogo. Kilitoka kama mtu anayetapika, bila maneno, na shanga za bluu zilimwagika kwenye sakafu ya baraza na kuviringika hadi uani. Majirani walitoka nje. Wale waliosema miaka tisa kwamba hana machozi walisimama wakishika milango yao.

Halafu, ghafla, Fidélie alijiziba kinywa kwa kiganja chake mwenyewe na kumtazama Kyungu kifuani.

Alianza kumwomba msamaha. Alimvuta ndani, akamlaza, akamgusa paji la uso. Kyungu alisema yuko mzima. Jioni alipiga chafya mara mbili, kwa vumbi la kiangazi ambalo lilimpigisha chafya kila mtu Dilala, na mama yake akaketi sakafuni kando yake. Hapo ndipo Kyungu alipoambiwa kwa mara ya kwanza lile ambalo lilikuwa limeitawala nyumba yao tangu utoto wake: kwamba pasa halililiwi, kwamba mwenzake angeitika, kwamba uhai wake wote ulikuwa umeshikiliwa na macho makavu ya mtu mmoja, na leo yameshindwa.

Jumamosi Kyungu alikuwa na safari ya Nzilo na rafiki zake wa shule. Fidélie alimkataza. Si majini, alisema, si sasa. Waligombana mlangoni.

"Mama, mi si mutoto tena. Niko na miaka kumi na nane."

"Na yeye pia," alisema Fidélie.

Kyungu alivua viatu akarudi ndani.

Ilikuwa lazima kwenda Bukama. Aliyeweka mwiko ndiye anayejua kuukarabati ukivunjika. Hilo hata mtu aliyelelewa na masista angeweza kulifikiria. Fidélie alimwambia Ngoy kwamba amekosa, kwamba anampeleka mtoto kwa bibi yake akatafutiwe dawa. Ngoy alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kusema jambo na hajui mlango wake uko wapi. Kisha akaenda kutafuta nafasi mbili kwenye treni.

Walisafiri siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Njiani Fidélie alimshika binti yake mkono, na Kyungu alimwachia. Kila treni ilipopita juu ya maji, kiganja cha mama kilikaza.

Bibi Numbi alikuwa amezeeka sana. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na ukungu, na lile jingine lilimtambua mtu kwa kumkaribia mno. Waliwakuta yeye na wanawake wanne wa ua ule wakimenya mihogo. Alimpapasa Kyungu uso, akasema huyu mrefu ametoka upande wa babu yake, na kwamba matiti anayo lakini mume hana, Lubumbashi wanaume wamekufa macho? Wanawake walicheka. Fidélie hakucheka. Alipiga magoti kwenye maganda ya mihogo, akasema amevunja mwiko.

"Mwiko gani?"

"Nilimulilia Kabange."

"Lini?"

"Juma iliyopita. Siku ya Alhamisi."

Bibi Numbi alingoja. Alidhani kuna neno linalofuata.

"Na mbele ya pale?" aliuliza.

"Mbele ya pale sijalia, mama. Ulinikataza."

Visu vya wale wanawake vilisimama. Bibi Numbi alimwomba arudie, naye akarudia. Sijalia. Si kwa Kabange, si kwa Louis kaka yangu, si kwa mtu.

"Mi nilikukataza mpaka mwezi ufe," alisema Bibi Numbi polepole. "Mwezi ukikufa, mama wa mapasa anapeleka pemba ku mayi, ananawa, analia. Analia mpaka anatosheka. Hiyo kila mwanamke anajua."

"Mi sikujua."

"Bantu ba kwenu hawakukuambia?"

"Bantu ba kwetu ni masista."

Mwanamke mmoja alitaka kucheka, akashindwa. Bibi Numbi alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Alisema Ngoy alikuja mwenyewe mwaka ule ule, mwezi ulipokufa. Ngoy alieleza kwamba mke wake amebaki na mtoto mgonjwa, hawezi kusafiri. Alilia pale, karibu na kinu, siku mbili, sauti ikamkauka hata akarudi kazini akiongea kwa mikono.

"Alinawa, akaenda. Mi nikasema na wewe umenawa kwako, Lualaba ni moja. Yeye hakukuambia?"

Fidélie alitikisa kichwa. Ngoy hakumwambia. Ngoy alimwona mkewe hamtaji mtoto, naye akadhani amekwisha kunawa na hataki kukumbushwa. Miaka kumi na miwili wote wawili walikuwa wameketi chini ya wanyama wale, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kunyamaza.

Kyungu ndiye aliyeuliza lile lililobaki: kama basi yeye hana hatari yoyote.

"Hatari gani?" alisema bibi yake. "Ulikwisha kupona zamani. Mama yako njo hakupona."

Kwa hiyo Fidélie alikuwa huru. Alijua ameambiwa hivyo. Alikaa kwenye maganda akingoja kitu kije, furaha au hasira, na hakikuja chochote. Bibi Numbi aliagiza mkeka mkubwa. Alisema kilio kisicholiliwa hakiozi, kinangoja, na leo watakilia. Aliwaita wanawake wa ua wa pili na wa tatu. Walikuja na vitambaa vyao kichwani, wakaketi wakiwa wamenyoosha miguu, kama ilivyo desturi. Wengi wao hawakuwahi kumwona mtoto huyo. Wengine walikuwa wasichana wadogo alipokufa.

"Tutamulilia mutu gani?" aliuliza mmoja, mzee, kwa upole. Ndivyo kilio kinavyoanza kwao. Aliyekufa huelezwa kwanza, ili wanaolia wajue wanayemlilia. "Tuambie, mama. Alikuwa namna gani?"

Fidélie alifumbua kinywa.

Aliona uso, lakini ulikuwa uso wa Kyungu. Alitafuta sauti, akaisikia ya Kyungu akiomba uji. Alijaribu gauni, na gauni lilikuwa mawili. Kila alipoelekea kwa yule mtoto, alimkuta huyu amesimama njiani, huyu aliyemtazama kifuani miaka kumi na miwili hata hakuona kingine. Alikuwa amemhifadhi Kabange mahali pa mbali sana, kwa uangalifu mwingi sana, na kumbe hakuweka chochote ndani.

"Sijue," alisema. Akarudia, kwa mshangao wa mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta mfuko umetoboka. "Sijue tena."

Hakuna aliyemlaumu. Ndipo Kyungu, aliyekuwa ameketi nyuma kwa kuwa si mama wala mke, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye anakumbuka kidogo.

Bibi Numbi alimwambia aje mbele.

Alisema Kabange alilala upande wa ukuta, kwa sababu aliogopa ukingo wa kitanda. Alisema aliogopa kuku pia, hata vifaranga, na yeye Kyungu ndiye aliyewafukuza. Alikuwa akihesabu mabehewa ya baba yao yakipita na kila mara alikosea kwenye saba. Alikuwa na kovu dogo hapa, chini ya kidevu, alilolipata alipoanguka bombani, na akitaka kulia kwanza alikuwa anashika sikio. Aliposhikwa na surua aliomba abadilishane naye mto, kwa kuwa wa Kyungu ulikuwa baridi. Kyungu alikataa. Halafu alimpa. Hakumbuki kama alimpa akiwa bado anasikia.

Mwanamke yule mzee alianza kulia, taratibu, na wengine wakamfuata. Bibi Numbi aliinama mbele na kuweka kiganja chake kwenye ardhi. Fidélie hakuwa analia bado. Alikuwa amemgeukia binti yake kwa mwili mzima, magoti yamegusa magoti, akimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mtoto wa watu wengine, mtoto mzuri ambaye angependa kumjua.

"Na chakula?" aliuliza. "Alikuwa anapenda kula nini?"

Kyungu alifikiri. Aliangalia mikono yake, aliangalia juu, akatafuta kwa bidii yote aliyokuwa nayo.

"Hiyo sikumbuke, mama," alisema.